Mwaka Nilipomwandika Chaula

Tulimzika Gervas Mikumi siku ya Jumanne, jua likichoma utosi, na kabla jeneza halijashushwa nilikuwa nimeshasikia uongo wa kunitosha mwezi mzima. Kijana mmoja aliyevaa suti ya kumbana makwapani alisimama na karatasi yake akasoma wasifu wa marehemu: kwamba alikuwa mwandishi mahiri, kwamba alikuwa mlezi wa lugha, kwamba tangu ujana wake alikuwa na mapenzi makubwa na uandishi. Nilimfahamu Gervas kwa zaidi ya miaka sitini. Kitu kirefu kuliko vyote alivyowahi kuandika ni tangazo la kukataza watu wasiegemeze baiskeli kwenye ukuta wa ofisi, na hilo nalo alilirudia mara tatu kwa sababu hakuridhika na herufi ya kwanza. Kisha yule kijana akainua macho, akaongeza kwamba marehemu ndiye aliyemfundisha Mzee Elia kuandika. Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja akanigusa bega kunipa pole. Nami nikainamisha kichwa kama mfiwa mwenye shukrani. Baadaye, chini ya turubai, tukila wali na maharage, vijana wanne wakanizunguka na simu zao wakitaka niwaeleze maisha ya kila siku ya mwandishi: naamka saa ngapi, nakaa kiti gani, nasikiliza muziki wa nani, nafanya nini cha kupumzisha akili. Hakuna hata mmoja aliyeuliza niliandika nini. Niliwaambia naamka mapema. Wakaliandika hilo kwa makini, kama vile kuku hawaamki mapema.

Nitasema hapa yale niliyoshindwa kuyasema makaburini. Gervas alinifundisha kweli, ila si kuandika. Alinifundisha kuonekana mwandishi, kazi iliyo nyepesi zaidi na yenye raha nyingi, nami nilikuwa mwanafunzi hodari. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, na Kilosa yetu yote ilikuwa mkonge. Ukipanda kilima chochote unaona mistari ya mkonge inakwenda mpaka macho yanachoka, na upepo ukigeuka unapata harufu ya makapi yaliyooza, chachu ya kukata pua, harufu iliyoingia kwenye mashuka, kwenye chai, hata kwenye Biblia yangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule ya misheni huko milimani, nikaajiriwa karani wa mahudhurio katika shamba moja la Mgiriki. Kazi yangu ilikuwa kusimama alfajiri mbele ya mistari ya wanaume, kuita namba na majina, na kupiga alama. Wengi wao walikuwa watu wa mbali, walioletwa kwa malori na kwa treni kwa mkataba, na kwa kuwa kila mmoja alipewa namba tuliwaita manamba, neno tulilolitamka kwa midomo ya mbele kama mtu anayetema ganda la muwa. Nasema "tuliwaita" ili nijifiche kidogo. Niliwaita.

Nyumba ya makarani ilikuwa na vyumba sita vya bati, na mimi nikawekwa chumba kimoja na Gervas, karani wa stoo, aliyenizidi miaka sita na aliyekuwa tayari anajulikana shamba zima kuwa ni mtunzi. Hakuna aliyewahi kusoma utunzi wake, lakini kila mtu alikuwa ameona maandalizi. Chumba chetu alikipaka rangi ya kijani, iliyoibwa kwenye stoo yake mwenyewe, kwa sababu alisoma mahali kuwa kijani hutuliza jicho la mtu anayefikiri. Meza ilikaa dirishani wiki mbili, ikahamia ukutani kwa kuwa dirishani kuna vishawishi, ikarudi dirishani kwa kuwa ukutani hakuna hewa. Alikuwa na gramafoni yenye sahani nne na sindano moja, na hakuweza kuandika bila muziki, wala hakuweza kuandika muziki ukilia. Alikamata vipepeo akawachoma pini kwenye ubao, akisema mwandishi lazima awe na jambo la pembeni la kumpumzisha. Alikuwa na daftari la maneno mazuri, neno moja kila ukurasa, lisiloambatana na sentensi yoyote. Jumapili alitembea kando ya mto Mkondoa akiwa amefunga mikono mgongoni, na ukimsalimia haitikii, halafu jioni anakueleza kwa upole kwamba alikuwa "ndani". Ndani ya nini, hakusema. Nami, mjinga wa milimani, nikamwona ndiye mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kukutana nao. Nikaanza kutembea nimefunga mikono mgongoni. Mwezi wa pili wote nilichora kurasa za mbele za vitabu ambavyo sikuwa nimeviandika, kila kimoja na jina lake na jina langu, na mapambo ya maua pembeni. Vilifika kumi na moja. Leo ningeviona mbele yangu ningeviwashia moto wa kuchemshia maji ya kuoga.

Tulikula kwa Bi Tausi, mwanamke aliyekuwa na jiko nyuma ya nyumba zetu, chini ya paa la makuti, na akili kubwa kuliko ofisi nzima. Alipika ugali na kambale wa Mkondoa, mlenda siku ambazo hakuna samaki, na asubuhi chai na maandazi. Wanawake walioanika nyuzi za mkonge kwenye kamba walipita kwake adhuhuri, na sisi makarani tulikaa upande wetu, kwenye benchi lenye mgongo, tukijifanya hatuwasikii. Gervas alikuwa amenipa amri: mwandishi husikiliza. Basi nilikula nimetega sikio, na nikirudi chumbani naandika kwenye daftari vile wanavyokosea kusema, "sharuba" badala ya "shabaha", "lisipitali" badala ya hospitali. Niliamini hayo ndiyo maarifa. Walichokuwa wanakisema chenyewe, nani amefiwa, nani amepigwa, nani mtoto wake ana homa ya siku tatu, sikukiandika, kwa sababu hakikuwa na kosa ndani yake.

Chaula alikuja kwangu mwanzo wa masika. Alikuwa Mbena wa huko juu Njombe, mtu wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa kupima kila hatua. Zamani alikuwa akilisha majani kwenye mashine ya kuchakata, ile tuliyoiita korona, na siku moja mashine ikachukua vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha pete na cha mwisho. Alipopona walimtoa kwenye mashine wakampeleka kuanika nyuzi na wanawake. Alisimama mlangoni kwetu Jumapili mchana, kofia mkononi, akasema, "Karani, nimesikia una mwandiko mzuri. Naomba uniandikie mama watoto." Nilikubali kwa sababu Gervas alikuwa akinitazama, na kwa sababu mtu aliyechora kurasa kumi na moja za mbele hatimaye hutamani kuandika ukurasa wa ndani.

Barua zake zilikuwa ndefu kama ibada ya Pasaka. Alianza na "kamwene", salamu ya kwao, akamsalimia mkewe, mama Lukelo, kisha mtoto mmoja mmoja, kisha wazee, kisha majirani wa upande wa kisima na wa upande wa barabara. Nilipodhani amemaliza, akaanza mbuzi. "Msalimie Kipara. Msalimie yule mwenye ndevu, Mchungaji. Yule mwekundu mwambie asile mahindi ya watu." Niliinua uso nikauliza, "Nimwambie nani, mbuzi?" Akanijibu bila kutabasamu, "Yeye atamwambia." Baada ya mbuzi akafika kwenye mambo yake, na hapo ndipo aliposhusha sauti. Alitaka niandike kwamba yeye sasa ni nyapara. Kwamba anasimamia watu arobaini. Kwamba Mgiriki humwita kwa jina. Kwamba mkono wake ni mzima, ila umechoka kidogo kwa kuonyesha watu pa kufanyia kazi. Niliandika. Kila Jumapili aliongeza: alikuwa amewapatanisha watu wawili waliogombana, alikuwa amewaruhusu wagonjwa wapumzike, mvua ilipozidi aliwaambia watu wake waingie bandani, na bwana mkubwa alipokasirika, yeye Chaula alimjibu hivi na hivi. Alikuwa akikaa chini, anafumba macho, na unyapara wake unatoka taratibu, wenye watu na hali ya hewa na maneno ya kila mmoja. Gervas alilala kitandani amejifunika gazeti usoni, na gazeti lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

"Hiki ndicho!" aliniambia siku Chaula alipoondoka na barua yake ya nne. Aliketi, vipepeo wake nyuma yake ukutani. "Elia, umekaa juu ya dhahabu. Andika kichekesho hiki, kama kilivyo. Gazeti la Dar es Salaam watakigombania."

Nikasema, "Lakini ni siri yake."

"Ya nani? Manamba ana siri gani? Badili jina."

Nilibadili jina. Nilimwita Nyapara wa Vidole Vitatu, na hicho kikawa kichwa cha habari. Mbuzi sikuwabadili majina, kwa kuwa nisingeweza kutunga mazuri zaidi. Wiki nzima niliandika nikirudi kazini, bila muziki, bila kutembea mtoni, meza ikiwa popote ilipokuwa, na lazima niseme ukweli unaonichukiza: ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuandika kitu kinachosimama kwa miguu yake. Kila sentensi ilikuwa na makali. Nilimfanya ainamie kamba za nyuzi akiziamuru zisimame mstarini. Nilimfanya awaonye wanawake wa kuanika wasije wakamwambia mkewe. Niliandika kilugha chake jinsi alivyokisema, r na l zikipishana, na nilicheka peke yangu nikiandika. Nikaituma kwa treni.

Ilitoka mwezi wa saba. Gervas alilipokea gazeti stesheni, akaja nalo mbio klabu ya makarani, chumba chenye benchi mbili na ubao wa dama, akasimama juu ya benchi akasoma kwa sauti yake ya kanisani. Wanaume ishirini walicheka mpaka wakashika kuta. Walinipiga mgongoni. Karani mkuu, ambaye kwa miezi sita alikuwa akiniita "wewe", aliniita Bwana Elia. Sijapata kusifiwa vile tena, na nimechapisha vitabu saba. Gervas alimwambia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyenikuza, na siku ile sikuona ubaya wowote, nilimgawia sifa zangu kama mtu anayegawa karanga. Jioni ile ile gazeti likatoka klabu likaenda kwa madereva, kutoka kwa madereva likaenda kambini, na kambini kulikuwa na wawili watatu waliojua kusoma. Kesho yake asubuhi, nilipoita jina la Chaula kwenye mstari, kabla hajajibu sauti kumi zilijibu kwa niaba yake: "Nyapara!" Yeye alijibu "Nipo", akatazama mbele. Siku ya pili walimwuliza Kipara hajambo. Siku ya tatu mtu mmoja alimpigia saluti ya vidole vitatu, na nyapara wa kweli, aliyekuwa amesimama pale na fimbo yake, alicheka kuliko wote. Mimi nilipiga alama kwenye daftari langu. 

Jumapili alikuja kama kawaida, saa ile ile, kofia mkononi. Gervas akakumbuka ana shughuli mtoni. Chaula aliketi kwenye kigoda, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nyingi, akaniwekea mezani.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Wamenisomea wengine, lakini wanacheka katikati, sisikii vizuri. Nisomee wewe."

"Chaula, ile ni hadithi tu. Si lazima iwe wewe."

"Nisomee, karani."

Nikasoma. Hakuna adhabu ya shule niliyopata inayofanana na ile. Kila nilipofika kwenye utani, sauti yangu ilijaribu kuupita haraka, na yeye akainua ule mkono wa vidole vitatu kunizuia, akaniambia nirudie. Alisikiliza amefumba macho, vile vile alivyofumba alipokuwa akinipa barua. Nilimaliza. Nje wanawake walikuwa wakipita na ndoo.

"Hapa pa vidole," aliuliza, "walicheka?"

"Ndiyo."

"Na pa mbuzi?"

"Hapo zaidi."

Alitikisa kichwa polepole, kama fundi anayeambiwa wapi ukuta umepasuka. "Mbuzi wanachekesha kweli," alisema. "Lakini mwekundu umemsahau. Umeweka wawili tu." Akachukua gazeti lake, akalikunja kwa uangalifu, akaondoka bila kuandikiwa barua. Ijumaa hakuitika jina. Kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi za mkataba, kilikuwa hakijajaa. Aliyeondoka hivyo alihesabiwa kuwa mtoro, na aliyetakiwa kuandika neno hilo mbele ya jina lake nilikuwa mimi. Nililiandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilimwambia Gervas kwamba tumemfukuza mtu. Alikuwa anamnyoosha kipepeo bawa. "Mwandishi haombi radhi," alisema bila kugeuka. "Akianza kuomba radhi, atabaki na nini cha kuandika?" Nilitazama mgongo wake, shati lake lililopigwa pasi, ubao wake wa wadudu waliokufa, kuta zake za kijani cha wizi, na heshima yangu yote kwake ikanitoka mara moja, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Lakini sikuhama chumba. Chumba kingine kilikuwa kinavuja. Bi Tausi peke yake ndiye aliyeniambia jambo la maana. Alinipakulia kambale, akaweka sahani mbele yangu kwa nguvu kidogo. "Yule mzee," alisema, "ndiye aliyewafundisha wale wanawake kujifunga matambara mikononi nyuzi zisiwachane. Hilo hukulisikia, na ulikuwa umekaa hapo hapo." Nikataka kujibu. Akaniwahi: "Karani, mimi sikukatazi kula kwangu. Ila ukila hapa, ziba masikio." Toka siku hiyo wanawake walipoona nakuja walinyamaza, na nilikula kambale wangu nikisikiliza meno yangu.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua za vuli, ilikuja barua. Juu ya bahasha palikuwa na jina la shamba na maneno "Karani anayeandika". Ilikuwa na mwandiko wa mwalimu wa misheni, lakini haukupita mstari mmoja kabla sijajua anayesema ni nani. Sikuitunza karatasi ile, ilikwenda na mwenyewe, maneno ninayo.

"Karani. Mwalimu wetu alitusomea gazeti baada ya ibada. Watu walicheka na mimi nilicheka, mpaka alipofika kwa Kipara na Mchungaji. Hapo nikanyamaza, maana mbuzi hao wako nyuma ya nyumba yangu. Nataka ujue kuwa nilijua. Nilijua tangu barua ya kwanza ya unyapara. Mtu wa huku alirudi toka huko akaniambia vidole vimekwenda na mume wangu anaanika nyuzi. Sikumwandikia kuwa najua. Yeye alikuwa ananitunza kwa maneno yale, na mimi nilikuwa namtunza kwa kuyapokea. Hayo yalikuwa yetu watu wawili. Wewe uliitwa kushika kalamu tu. Sasa ni miezi mitatu hajaandika. Mwambie mbuzi mwekundu amezaa. Mwambie arudi na mkono wake hivyo ulivyo. Kama hujui alipo mtafute, kwa sababu wewe ndiye uliyempoteza."

Nimesomwa na watu wengi tangu siku hiyo, wengine wenye shahada, na hakuna aliyenisoma vizuri kama yule mwanamke asiyejua kusoma. Niliuliza kambini, hakuna aliyetaka kuniambia kitu. Niliuliza madereva. Mmoja, aliyekuwa akipeleka mbao na mahindi, alisema kwenye kambi ya watengeneza barabara huko Mikumi kuna mpishi Mbena mwenye mkono uliopungua. Nikaomba ruhusa ya siku mbili kwa kusema nimefiwa, nikavaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, mavazi ya heshima ya karani, nikapanda lori lake, juu ya magunia. Tulipita Masanze na Zombo, vumbi likinibadilisha rangi, mbele zaidi mavi ya tembo yakiwa bado mabichi katikati ya njia, na dereva akanicheka jinsi nilivyokuwa nikifuta viatu. Siku hizi watu huja Mikumi kutoka ng'ambo kutazama wanyama. Wakati ule palikuwa na nyumba chache, hoteli moja ya chai, mikumi yenyewe, ile miti jamii ya mnazi, imesimama na shingo ndefu kwenye nyasi, na kambi ya barabara: mahema mawili, matoroli, na moshi.

Nilimkuta kwenye moshi. Alikuwa amesimama mbele ya pipa lililokatwa nusu, anasonga ugali wa watu wengi kwa mwiko mrefu kama kasia, mkono wa kushoto juu, ule wa vidole vitatu chini ukiongoza. Aliniona, akaendelea kusonga. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwamkia.

"Shikamoo, baba."

Alisonga mara mbili tatu. "Marahaba," alisema mwishowe, kama mtu anayerudisha kitu alichokiokota. "Umekuja kuandika nini?"

"Nimekuja kusoma. Ni barua ya mama Lukelo."

Mwiko ukasimama. Akaukumbuka, akaanza tena, pole pole. "Soma. Mimi nasikia huku nafanya kazi."

Nikasoma, nimesimama kando ya moto, jasho likishuka kwenye kola. Nilipofika kwenye maneno "nilijua tangu barua ya kwanza", alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Tangu ya kwanza?" "Ndivyo anavyosema." Akaacha mwiko kabisa. Nilidhani analia, na labda kidogo alikuwa analia kwa moshi, lakini alilolitoa kwanza lilikuwa cheko, cheko la tumboni ambalo hata pale chumbani kwetu sikuwahi kulisikia. "Mwanamke huyu!" alisema. "Mimi wiki nzima naanika nyuzi nahangaika, Jumapili nitamwambia nini tena, wale wawili niliowapatanisha waligombania nini, mvua ilinyesha saa ngapi. Naogopa nisijichanganye. Kumbe mwenzangu anakaa anasikiliza tu!" Akafuta uso kwa mkono wa kushoto. "Na mwekundu amezaa?"

"Amezaa."

"Wangapi?"

"Hakusema."

"Ataniambia."

Niliona hapo, nikiwa nimeshika karatasi ya mtu mwingine, kwamba katika shamba zima, na klabu yake na daftari lake la maneno mazuri, aliyekuwa akitunga ni mmoja tu, na sisi tulikuwa tumemfukuza kwa kumcheka. Nilianza kumwambia. Nilisema nimekosa, nilisema nilikuwa mtoto, nilisema mengi yenye mpangilio mzuri, na nikaishia kwa kumwomba aniruhusu nimwandikie jibu pale pale, nilikuwa na karatasi na kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho; adabu yake haikumpungukia hata kwangu.

"Hapana," alisema. "Wewe umeshaandika."

Barabarani kulikuwa na lori la kwenda Iringa, dereva wake akinywa chai mlangoni mwa hoteli. Chaula alikwenda akazungumza naye kidogo, akaingia hemani akatoka na kifurushi na kofia yake. Alinyoosha mkono nikampa barua, akaiweka ndani ya kofia, akavaa kofia. Kisha akachukua mwiko, akanishikisha.

"Watu wanarudi sasa hivi na njaa," alisema. "Songa. Usiuache ushike chini."

Alipanda nyuma ya lori, akakaa akitazama mbele, na lori likaenda zake kuelekea milima. Hakupunga mkono, na sioni kwa nini angepunga. Nilisonga. Sikuwahi kusonga ugali wa zaidi ya watu wawili. Ule ulikuwa kama kulima kwenye tope. Soksi zangu zilijaa majivu, mikono ikatoka malengelenge, na ugali ukashika chini. Watengeneza barabara walikuja thelathini hivi, weusi kwa lami na vumbi, kila mmoja na sahani yake ya bati, wakanikuta mimi na kaptula yangu nyeupe. Wa kwanza, jitu lenye sauti nzito, alitazama pipa, akanitazama.

"Chaula yuko wapi?"

"Amekwenda kwao."

"Na wewe nani?"

 Nikampakulia. Alikata tonge, akalitafuna mara moja, akageuka pembeni akalitema kwenye nyasi.

"Mbichi," aliwaambia wenzake. Walicheka wote, kwa muda mrefu, mmoja akimwonyesha mwenzake soksi zangu, nami nikainama nikaendelea kupakua, maana mstari ulikuwa bado mrefu na walikuwa na njaa.